Harusi Yetu Niliyoikuta Pipani

Zinga, Bagamoyo

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na mvua hizi? Kaka Bakari alinidokeza kwamba umeanza tena kuteremka ziwani kuchagua dagaa kwa mkono wako, eti wa kuletewa mlangoni wana mchanga. Mama, mchanga unaoshwa, goti halibadilishwi. Tafadhali mwachie mke wa kaka kazi hiyo, hata kama hachagui vizuri. Mawese uliyotutumia yamefika salama, dumu halikuvuja. Mjukuu wako Rehema amepoteza meno yote ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele za watu. Kwa miili yetu tu wazima, alhamdulillahi.

Ningekupigia simu, lakini simu yako unaipokelea barazani, na kila apitaye njia anasalimia na kukaa kusikiliza. Hili si la kusikilizwa na wapita njia. Ingia nalo chumbani, vaa miwani, usimpe mtu akusomee, hata kaka. Nilitaka kukwambia usishtuke, nikaona nitakuwa nakudanganya. Mimi mwenyewe tangu siku ile naamka asubuhi nikiwa sawa, kisha nakumbuka, ni kama mtu amenimwagia maji ya kisimani.

Unaijua kompyuta yetu, ile ya baba mkwe. Ndiyo inayonipa kazi: kadi za harusi, mialiko ya hitima, mitihani ya walimu. Kabla yangu ilikuwa ya Mzee Kondo mwenyewe. Unakumbuka alivyokuja Ujiji na kamera yake begani, akasafiri na treni mpaka Kigoma kuipiga video harusi yangu na mwanawe Athumani kwa sababu hakumwamini mpiga video mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hapa, toka Zinga mpaka Bagamoyo mjini, na mara nyingine akiitwa hata Ubena. Harusi zote alizopiga amezihifadhi humo, kila moja kwa majina ya bibi na bwana. Tangu mtoto wa jicho amwanze ameacha kamera, lakini kompyuta bado anaifungua na kuisogelea mpaka pua iguse kioo.

Sasa kompyuta ilizeeka vibaya. Unaiwasha, unakwenda kuosha vyombo, unarudi bado inazunguka. Unaandika jina la bibi harusi, herufi zinatokea moja moja kama mtu anayekumbuka. Wateja wananisimamia mlangoni. Mwalimu mmoja alinipokonya mtihani wake mkononi, akaenda kuupigisha chapa mjini. Nikaona nitapoteza kazi, nikaenda Bagamoyo kwa Bi Hansa, mama wa Kihindi mwenye duka la madaftari na vifaa vya kompyuta, ambaye ndiye hunipa karatasi za kadi. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba ataniambia ninunue mpya.

Aliniuliza swali moja tu. "Diski yako imejaa?"

Nikamwambia sijui, mimi huandika tu.

"Basi nenda kaangalie kabla hujatafuta nyingine. Diski ikijaa pomoni, mashine haina pa kugeukia. Wewe jikoni kwako ukijaza sufuria mpaka sakafuni, utapika?"

Akanieleza, nami nikayaweka kichwani. Nifute faili za muda ambazo kompyuta huziacha kama maganda baada ya kazi. Niondoe programu ambazo hakuna anayezitumia. Niangalie zile zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi bila kuitwa, nizizuie. Video nizihamishie kwenye diski ya nje. Nimwage pipa la taka, kwa maana kitu kilichofutwa hakitoki ndani ya mashine, kinakaa pipani na kinaendelea kula nafasi. Kisha niikague diski kama ina makosa, na mwisho kabisa niiache ijipange, kwa kuwa diski yetu ni ya zamani, ile inayozunguka, na faili zake zimetawanyika vipande vipande. "Zile za kisasa hazitaki kupangwa," akasema, "lakini hiyo ya mzee wako itakushukuru." Akanipa na diski ya nje, ndogo kama kitabu cha juzuu amma cha watoto wa madrasa.

Siku ya pili yake Rehema alikuwa madrasa, Athumani yuko kazini kwake Vigwaza kwenye yadi ya makontena, anakolala wiki nzima na kurudi Ijumaa. Baba mkwe alikuwa barazani na redio yake. Nikafunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kufua, nikaanza.

Mama, nilifurahi. Faili za muda zilikuwa nyingi hata nikaona haya. Nilikuta michezo ya karata ambayo sijui ni nani aliyeiweka. Kila nilipoondoa kitu, ule mstari mwekundu unaoonyesha diski imejaa ulirudi nyuma kidogo. Kisha nikafika kwenye pipa.

Lazima nikueleze habari ya pipa hilo. Baba mkwe ana kawaida yake, na mimi naijua tangu nilipofika hapa kama mwali. Ndoa ikivunjika, anaitoa harusi ile kwenye fungu la harusi, anaitia pipani. Lakini pipa hamwagi. Siku niliyomuuliza alicheka akasema, "Mwanangu, watu wa huku wanaachana leo, keshokutwa wanarejeana. Nikiifuta moja kwa moja, wakirudiana nitawapa nini?" Na kweli nimewahi kuona mtu na mkewe wamekuja kuomba nakala ya harusi yao baada ya kurejeana, na mzee akaitoa pipani akaipangusa kama sahani. Kwa hiyo nilijua nitakayoyakuta humo. Niliingia na moyo wa umbea, nakiri. Nikasoma majina. Huyu naam, ilisikika mtaa mzima. Hawa nao, loh, kumbe! Nilikuwa nikitikisa kichwa na kujisemea peke yangu.

Kisha nikasoma: Athumani na Zaituni, Ujiji.

Nilidhani macho yamekosea. Nikasoma upya, taratibu, kama anavyosoma Rehema. Nikaifungua. Ni ukumbi wetu, Mama. Ni wewe na leso yako ya manjano, unawafukuza watoto mlangoni. Ni baba mdogo Yasini, ameshika mkono wa Athumani, anamwozesha. Nikaifunga.

Nilijiambia ni makosa. Macho ya mzee hayaoni, mashine ni nzito. Amebonyeza hapa, ikachelewa, akabonyeza tena, ikaenda na harusi isiyohusika. Mambo kama hayo hutokea. Nikashikilia hapo. Lakini pipa linaonyesha siku kitu kilipotupwa, na siku ile ilikuwa Ijumaa, Ijumaa ninayoikumbuka. Ndiyo siku Athumani alinitaka nihamie Vigwaza, tukakae kwenye chumba chake cha kupanga karibu na yadi, nami nikamwambia siwezi kumwacha baba yake na macho yale, wala siwezi kuacha kazi yangu. Alitoka bila kula. Mama, mimi ugomvi ule nilishausahau. Niliuhesabu katika zile kelele za mume na mke ambazo hata jirani haulizi.

Nikatoka barazani.

"Baba," nikamwita, "nasafisha kompyuta. Kuna kitu nimekikuta pipani."

Alizima redio. Si kupunguza, aliizima. Kabla sijasema ni kitu gani, akauliza, "Umelimwaga?"

"Sijalimwaga."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akawa anapapasa kofia yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba si makosa ya macho. Nikakaa chini kwenye sakafu ya baraza, mbele yake.

"Baba, mimi nimeachwa?"

"Uliachwa," akasema. "Umerejewa. Uko kwenye ndoa yako, mwanangu, usihofu, hujaishi haramu hata siku moja."

Mama, niambie, mtu anaambiwa maneno kama hayo na roho yake inabaki wapi?

Akanieleza yote. Ijumaa ile Athumani alimfuata msikitini, wakakaa upande wa nje baada ya swala, akamwambia, "Baba, shuhudia, Zaituni nimempa talaka moja. Mwanamke asiyenifuata nilipo si mke." Mzee alimsihi aifikirie, akamwambia kwamba mtu aliyekasirika asiende sokoni seuze kwenye talaka. Athumani akashika begi lake akarudi Vigwaza bila kupita nyumbani. Ndiyo zile wiki alizokuwa akiniambia kwa simu kwamba kazi imebana, makontena yamelundikana. Mimi nikamhurumia! Nikampelekea visheti kwa dereva wa basi. Nilikuwa edani, Mama, nimeachwa, nakaanga visheti.

Mzee naye alirudi nyumbani siku ile, akafanya alilozoea kufanya. Alikaa kwenye kompyuta akaitia harusi yetu pipani. Akaniambia alilia, na akaendelea kunywa uji niliomkoroga.

"Na kunirejea?" nikamuuliza. "Lini?"

"Siku aliyokuja na ile ndoo ya asali."

Nikaikumbuka. Nilikuwa nachoma chapati jikoni, nikasikia sauti ya Athumani uani, nikaita, "Karibuni ndani, mbona mmesimama juani?" Hawakuingia. Nilichungulia nikaona mzee amesimama mlangoni, mkono ameuweka kwenye mwimo wa mlango kama anayemzuia mtu. Nilidhani wanazungumza habari za shamba. Kumbe ndipo alipokuwa akimwambia mwanawe, "Hukanyagi humu mpaka useme. Aliyemo ndani si mkeo hivi sasa." Na Athumani akasema, pale pale juani, begi liko begani, "Nimemrejea." Mzee akaondoa mkono. Athumani akaingia, akanisalimia, akauliza kama kuna chai. Nikampa chai.

"Mbona hukuniambia, baba?" nikamuuliza. "Unakula mkononi mwangu. Nakutia dawa ya macho kila asubuhi. Unanitazama."

"Nilimwambia akwambie yeye. Nilisema, mimi siwezi kuwa ulimi wako. Kila Ijumaa nadhani leo atasema. Harusi sikuitoa pipani kwa sababu hiyo. Nilimwambia, itakaa humo mpaka mkeo ajue. Akasema sawa." Akafuta macho yake mabovu. "Nimekukosea, Zaituni. Niliogopa utaondoka."

Mama, nilishindwa hata kumkasirikia sawasawa, maana ndiye aliyeweka mkono mlangoni. Lakini pia ndiye aliyenyamaza. Nilirudi ndani nikampigia Athumani, nikasema, "Njoo nyumbani." Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimesafisha kompyuta." Nikasikia mashine za yadi upande wa pili, kisha akasema, "Nakuja."

Alifika alasiri ya siku iliyofuata. Nilikuwa nimempeleka Rehema kwa jirani. Alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Nilikasirika," akasema. "Hasira zikaisha, nikakurejea. Sasa nikwambie ili iwe nini? Nikuumize kwa kitu kilichokwisha?"

"Kwako kilikwisha. Kwangu ndiyo kwanza kinaanza."

"Zaituni, uko kwenye ndoa. Baba ni shahidi. Sheria haisemi..."

"Usinipe sheria, Athumani. Uliniacha sipo, ukanirejea sipo. Mimi katika ndoa hii nilikuwa wapi?"

Akapandisha sauti. Akasema wanaume wengi wanafanya hivyo na wake zao hawajui mpaka wanaingia kaburini, na kwamba kosa ni la baba kuhifadhi takataka. Hapo mzee akapiga fimbo sakafuni kutoka barazani. Athumani akainama akaanza kufungua kamba za viatu, nikaona hawezi kufungua fundo. Nilitamani kumsaidia, ndivyo mikono yangu ilivyozoea. Nikaikalia.

"Niliogopa," akasema akiwa bado ameinama. "Nilipokuwa kule chumbani peke yangu nikaona nimefanya nini. Nikawa kila nikija nataka kusema, nakuta umepika, Rehema anacheka, nasema wiki ijayo."

"Zimebaki talaka mbili," nikamwambia. "Unajua hilo? Kila siku ulipokuwa unakula hapa ulijua zimebaki mbili, na mimi nikijua tatu. Ningekuudhi bila kujua nimesimama ukingoni mwa nini."

Mama, najua utaniuliza kama nimefungasha. Nilifungasha. Nilitoa begi, nikatia nguo zangu na za Rehema, nikalisimamisha mlangoni, na likakaa hapo. Kila nilipolitazama nikaona kwamba nikiondoka kimya, nitakuwa nimefanya kama alivyofanya yeye: jambo kubwa la watu wawili, amelifanya mmoja pembeni. Mimi sikuolewa pembeni. Mlinitoa mbele za watu, na mkono wa baba mdogo Yasini ukiwa ndani ya mkono wake. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia sitaki zawadi, sitaki kiapo, wala sitaki aniangukie miguuni. Nataka aende Ujiji kwa miguu yake, akae mbele ya baba mdogo aliyenitoa na mbele yako wewe uliyenizaa, aseme kwa kinywa chake kwamba alimwacha binti yenu siku fulani kwa sababu fulani, na akamrejea siku fulani, bila mwenyewe kujua hili wala lile. Akitoka huko ndipo mimi na yeye tutazungumza kama tunaendelea.

"Utaniaibisha kwa wakwe," akasema.

"Wewe umekwisha kuniacha, Athumani. Ipi aibu kubwa?"

Alikwenda barazani kwa baba yake. Walikaa huko mpaka magharibi, wakaswali pamoja. Aliporudi alisema, "Nitakwenda."

Usidhani siku hizi nimekaa nalia tu. Kazi niliimaliza. Harusi za watu zote nimezitoa pipani, za waliorejeana na za wasiorejeana, nikazihamishia kwenye ile diski ya nje, kwa kuwa si kazi yangu kuhukumu. Diski nimeikagua, haikuwa na kosa. Nikaiacha ijipange kutwa nzima, nami nikipita na kurudi nikiutazama mstari unavyosonga. Sasa kompyuta inafunguka upesi mno hata wakati mwingine inanikuta sijajiandaa. Yule mwalimu amerudi na mitihani yake. Harusi yetu ndiyo iliyobaki pipani peke yake. Mzee aliniuliza kama airudishe mahali pake, nikamwambia asiiguse.

Dawa ya macho bado namtia. Siku mbili za mwanzo nilimtia bila kusema neno. Siku iliyofuata aliniambia, "Leo mkono wako umekuwa mwepesi," nikajikuta nimeitika.

Nisalimie kaka Bakari na mkewe, umwambie mke wa kaka asichoke na ukali wako, ni wa mapenzi. Nisalimie shangazi Mwamini, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni. Kwa baba mdogo Yasini mpelekee salamu zangu, na umwombe asiende safari yoyote wiki hii, usimweleze sababu.

Barua hii nampa mama mmoja jirani yetu anayetangulia kwenda kwao Kigoma, naye ameahidi kuitia mkononi mwako. Athumani ataondoka Ijumaa baada ya swala, kwa hiyo utakuwa umesoma kabla hajabisha hodi. Mama, nakuomba kitu kimoja. Mkaribishe kama mkwe. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mtandikie mkeka mzuri. Na akikaa mbele yenu, akaanza kuzunguka na habari za treni na mvua na bei za mchele, najua wewe huwezi kuvumilia kumwona mtu anapata tabu, utataka kumwambia, "Basi baba, tumeshajua." Usimwambie. Usimsaidie hata neno moja. Ngoja, hata jua lichwe, mpaka aseme mwenyewe.

Kisha unipigie simu uniambie alivyosema. Siku hiyo usiipokelee barazani.

Ni mimi mwanao,
Zaituni